"Wanataka nisimame kanisani nishukuru kwa mguu wa mtoto uliokatwa"

Mama mshauri,

Naomba usilitaje jina langu wala la kanisa letu. Nina miaka 39, mama wa watoto watatu, fundi wa nguo, nakaa upande wa Kisauni, Mombasa. Mume wangu alikuwa dereva wa malori ya makontena mpaka mizigo ilipohamishiwa kwenye reli mwaka 2019. Tangu hapo anaokota vibarua, na nyumba imeegemea cherehani yangu.

Nina rafiki, au nilikuwa naye. Nitamwita Sidi, ingawa silo jina lake. Tumeimba kwaya pamoja miaka kumi na mmoja. Watoto wake wamelala kwangu na wangu wamelala kwake. Mwaka 2023 alipata oda ya sare za shule moja ya kibinafsi njia ya Mtwapa, watoto 260, shati na sketi au kaptura. Tukakubaliana yeye azungumze na shule, mimi nishone. Kitambaa nilikichukua kwa mkopo, kwa jina langu, kwenye duka moja la mtaa wa Biashara, kwa kuwa mwenye duka ananijua. Nilishona wiki saba hata miguu ikavimba. Fungu langu, pamoja na pesa za kitambaa, lilikuwa shilingi 380,000.

Sikupata hata senti. Kila nikiuliza, naambiwa shule haijalipa. Baada ya miezi mitano karani wa shule akaniambia walilipa zote, ziliingia kwa akaunti ya Sidi kabla ya muhula kuisha. Nilipomwendea Sidi akanijibu, "Una karatasi gani? Tuliandikiana wapi?" Nikauza mashine yangu ya ovaloki kupunguza deni la kitambaa. Binti yangu aliyemaliza Kidato cha Nne yuko nyumbani mpaka leo.

Nilipeleka jambo hili kwa wazee wa kanisa. Walikaa nasi mara moja tu. Sidi alilia. Wakaomba, wakatushikanisha mikono, na mzee mmoja akanivuta kando akaniambia, "Mwachie Mungu. Kisasi ni chake." Nilikuwa nimewaza kwenda Mahakama ya Madai Madogo, nikaambiwa kumshtaki mwenzako wa ushirika ni kukosa imani.

Basi nikamwachia Mungu, Mama, lakini sikumwachia kwa moyo mzuri. Kwenye kesha la Ijumaa mchungaji alituambia kila mtu aandike kwa karatasi jina la aliyemwonea, tukazichoma kwenye karai mbele ya madhabahu. Nikaandika jina la Sidi. Karatasi ikiungua nikasema, tena kwa sauti, "Bwana, mguse pale atakapolia kama nilivyolia." Siku ya ishirini na mbili kijana wake wa kwanza, ana miaka 19, alikuwa amepanda boda boda usiku akitoka kibaruani Bamburi. Wakagonga trela lililoegeshwa bila taa. Mwenye pikipiki alivunjika mkono. Kijana akakatwa mguu wa kulia, juu ya goti.

Nakwambia la kweli kwa sababu hunijui. Nilipopata habari, cha kwanza nilichohisi ni furaha. Haikukaa zaidi ya muda wa kumeza mate, kisha nikakimbilia chooni nikatapika. Mtoto huyu nimemnywesha uji. Macho yangu yakichoka yeye ndiye aliyekuwa akinitilia uzi kwenye sindano. Ananiita mamangu mdogo.

Sasa kanisa limepata la kusema. Kina mama wa kikundi chetu wameshanunua leso za sare za Jumapili ya mwisho wa mwezi, jina lake "Malipo ni hapa hapa duniani". Mchungaji anataka nisimame siku hiyo nishuhudie jinsi Mungu alivyonipigania. Jirani yangu Mwislamu, mama mtu mzima ninayemheshimu sana, alinishika mkono akaniambia dua ya aliyedhulumiwa haina pazia kwa Mwenyezi Mungu. Alitaka kunituliza. Usiku huo sikulala.

Na Sidi mwenyewe amenitumia ujumbe wa sauti. Amesikia habari za karatasi. Anasema, "Dada, nimekukosea, nimekiri. Niondolee uliyoyaweka, mwanangu hana kosa. Mwisho wa mwezi nakuletea laki moja na ishirini, nyingine nitatafuta." Sijamjibu. Harambee ya bili ya hospitali ni Jumamosi hiyo hiyo ya mwisho wa mwezi, na sijui laki hiyo yatoka wapi. Naihitaji, Mama. Nikinyamaza tu, italetwa. Nikimwambia sikumfanyia kitu, huenda asilete. Na kijana, naambiwa, anauliza mbona mamangu mdogo haji.

Je, ni Mungu aliyefanya haya? Ni mimi? Nishuhudie, nichange, nidai, au ninyamaze?

Fundi, Kisauni

*

Mwanangu Fundi,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimekwama pale ulipokimbilia chooni. Wewe unaona aibu kwa furaha iliyokujia. Mimi naona pia kwamba mwili wako uliikataa kabla hujapata muda wa kufikiri. Liweke hilo karibu unaponisoma, maana kuna mahali nitakuuliza maswali magumu kidogo.

Kwanza acha nilitaje neno ambalo naona tangu ajali hakuna anayelitaja tena: ulidhulumiwa. Wiki saba za kushona, kitambaa cha mkopo, ovaloki iliyouzwa, binti aliyekaa nyumbani. Mguu wa kijana haukuyafuta hayo, na kilio cha Sidi mbele ya wazee hakikuyalipa. Ulipokwenda kanisani kutafuta haki ulipewa aya moja ukarudishwa nyumbani. Baadaye ukapewa karatasi na moto. Sasa unapewa leso na kipaza sauti. Katika safari hiyo yote sioni mtu aliyeketi na nyinyi wawili akauliza, "Zile pesa ziko wapi?"

Dhuluma, ombi lako, ajali na deni, yote haya wamekufungia kwa kamba moja, na wewe umeipokea kamba jinsi ilivyofungwa. Hebu tulegeze fundo moja moja.

Unauliza kama ni Mungu. Mwanangu, mimi naamini kwa moyo wangu wote kwamba Mungu huhukumu. Nisingeamini hivyo, sijui ningewaambia nini wajane wanaoniandikia kutoka Likoni na Changamwe walionyang'anywa viwanja na shemeji zao. Lakini Biblia hiyo hiyo inayoniambia Mungu ni hakimu inanizuia kuisoma kila ajali kama hukumu yake. Bwana Yesu aliletewa swali hili. Mnara wa Siloamu ulikuwa umeanguka ukaua watu kumi na wanane, akawauliza waliomzunguka: mwadhani hao walikuwa wakosaji kuliko wote waliokaa Yerusalemu? Akajibu mwenyewe, sivyo.

Sisi wa Mombasa tuna Siloamu yetu. Tarehe 29 Aprili 1994, siku ya Ijumaa asubuhi, kivuko cha Mtongwe kilipinduka na watu zaidi ya 270 wakafa. Wengi walikuwa wakivuka kwenda kazini. Kilikuwa kimejaza watu kupita kiasi. Nilizika watu mwaka ule, na masikio yangu yalisikia mtu akisema makaburini kwamba Mungu ana sababu zake kwa fulani na fulani. Mama wa marehemu alikuwa amesimama hatua tatu kutoka hapo. Sijaisahau sura yake, na ndiyo sababu moja inayonifanya niogope sana neno "Mungu amemlipa" likitoka kinywani mwa mtu ambaye hajafiwa.

Trela liliegeshwa gizani bila taa, na kuna mtu aliyeliacha hapo. Huyo ana jina, ana mwajiri, na sheria ya barabarani inamhusu. Mkishakubaliana nyote kwamba ni Mungu, nani atamtafuta? Mara nyingine tunampa Mungu mashtaka ambayo yangefaa kwenda kwa mwenye gari.

Tena fikiri habari za mumeo. Mizigo ilipohamia kwenye reli na yeye akakosa usukani, kuna mtu aliyekuja kwenu na leso? Kama shida ya nyumba ya Sidi ni hukumu, basi na ya kwenu ilikuwa hukumu, na ya mzee aliyekuvuta kando, siku itakapofika kwake. Hapo ndipo marafiki wa Ayubu walipopotelea. Walidhani wanamtetea Mungu, na mwishowe Mungu akawakasirikia wao. Na nabii Ezekieli aliandika wazi kwamba mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Je, tumwambie huyu wa miaka 19 kwamba yeye kauchukua wa mama yake?

Jirani yako alisema jambo la kweli, wala sitaki ulione kama neno la dini nyingine tu. Kitabu cha Kutoka kinasema Mungu atasikia kilio cha mjane na yatima wakionewa. Unasikika, mwanangu. Lakini kusikika hakumfanyi Mungu awe mtumishi wa kila tulilotamka. Siku moja Yakobo na Yohana walinyimwa mahali pa kulala katika kijiji cha Wasamaria, wakamuuliza Bwana, wataka tuagize moto ushuke kutoka mbinguni uwaangamize? Akageuka akawakemea, wakaenda zao kijiji kingine. Naikumbuka habari hii kila nikisikia makesha ya kuchoma majina. Wale nao waliomba moto, tena walikuwa wanafunzi wake wa karibu, na moto haukushuka.

Basi na lile ulilosema mbele ya karai? Silipunguzi. Ulitaka Sidi alie, na ulitaka kwa dhati. Waliotunga Zaburi walisema makali kuliko yako, na yameandikwa tuyasome, nadhani ili tujue kwamba Mungu anayabeba tukimpelekea. Swali langu ni hili: wewe ulimpelekea Mungu uchungu wako, au ulimpelekea na aina ya pigo? Ukiona ulivuka mpaka, hilo unaweza kulitubu leo jikoni kwako, bila mchungaji wala karai. Ila angalia, kutubu tamaa ya moyo ni jambo moja, na kujitwika mguu wa kijana ni jambo lingine kabisa. Naona umeyabeba yote mawili kana kwamba ni mzigo mmoja, na huo wa pili sioni ni nani aliyekupa, isipokuwa hofu na hesabu ya siku ishirini na mbili. Katika siku hizo kina mama wangapi wa kesha lile walichoma majina, na waliotajwa wakaendelea kunywa chai yao asubuhi?

Sasa ujumbe wa Sidi. Hapa nakuomba upunguze mwendo, maana ndipo penye mtego kuliko hata Jumapili ya leso.

Sidi hakusema "nakuletea chako". Amesema "niondolee uliyoyaweka". Anakulipa kama mtu anavyomlipa mganga ategue alichotega. Wewe unajua hukuweka kitu. Ukinyamaza mpaka pesa zifike, sidhani kama umeiba, maana deni ni lako. Lakini utakuwa umeuacha mguu wa kijana ukudaie. Na tuseme mwaka ujao binti yake akaugua: ataamini nini? Atakuja tena na shilingi ngapi? Utaishi Kisauni kama mama anayeogopwa, na huenda ukaanza kuupenda woga huo. Nimewaona walioupenda.

Upande wa pili, sitaki uniambie umlipue na ukweli halafu ulale njaa, ukidhani huo ndio utakatifu. Ukimjibu kwamba hukumfanyia kitu, huenda kweli asilete. Hiyo ni hatari ya kweli, si ndogo, na wewe ndiwe mwenye kodi ya nyumba. Huenda pia woga na toba vimechanganyika ndani yake, maana mara nyingi huja pamoja, na woga ukishapungua, toba ibaki. Zakayo naye hatujui aliteremka mtini na mangapi moyoni, ila aliahidi kurudisha mara nne ya alichonyang'anya. Wewe unamjua Sidi miaka kumi na mmoja. Ukiisikiliza sauti ile tena, peke yako, unasikia nini?

Kama ingekuwa mimi ninayemjibu, pengine ningesema maneno mawili: sina nilichoweka na kwa hiyo sina cha kuondoa, na deni letu liko palepale, tutalizungumza. Tena ningemuuliza bila ukali hizo laki moja na ishirini zatoka wapi. Watu watakaochanga Jumamosi watachanga kwa ajili ya kitanda cha hospitali. Zikipitia mlango huo zikafika kwako, wachangaji hawatajua, lakini wewe utajua, na mwenye kudhulumiwa atakuwa amesaidia kudhulumu. Kama anauza kitu chake, hilo ni jambo jingine.

Je, umweleze neno kwa neno ulichosema penye karai? Habari ya karatasi anayo tayari. Kuna maungamo yanayomponya anayeungama na kumtwisha anayesikia. Yeye sasa hivi analala kwenye kiti kando ya kitanda cha mwanawe. Labda sentensi ile ina siku yake. Labda siku hiyo haitafika, ikabaki kati yako na Mungu.

Niliseme na lile la "mwachie Mungu", maana limenichoma. Paulo aliwaandikia Warumi wasijilipize kisasi, waipishe ghadhabu ya Mungu. Hakuandika kwamba fundi asidai ujira wake. Kisasi ni kutaka Sidi aumie. Dai ni kutaka 380,000 zirudi. Najua moyoni mambo haya huchanganyika, ndiyo maana nakuuliza: kama pesa zingerudi zote kesho bila Sidi kuumia popote, ungetosheka? Ukisema ndiyo, basi unachotafuta ni haki. Ukisita, usijilaumu, ila ujue kuna kitu kingine kinachodai pamoja nawe.

Wakorintho walikaripiwa kwa kupelekana mahakamani, ni kweli, na wazee wako wameishika aya hiyo. Lakini Paulo hapo hapo aliwauliza: hakuna kwenu hata mtu mmoja mwenye hekima awezaye kukata maneno ya ndugu zake? Swali hilo lilikuwa la wazee, na wenu hawajalijibu. Na yule mjane wa Luka aliyemsumbua kadhi dhalimu, "Nipatie haki na adui wangu", Bwana alimfanya mfano wa kuomba bila kukata tamaa. Hakuna aliyemwambia amekosa imani kwa kubisha mlango wa mahakama.

Wewe unapita Kengeleni kila uendapo mjini. Unajua jina lile limetoka wapi? Frere Town, hapo hapo Kengeleni, ilianzishwa na wamishenari wa CMS, chama cha kimisheni cha Waingereza, miaka ya 1870, makazi ya watumwa waliokombolewa, na kengele ile ilipigwa kuwaonya watu pale wafanyabiashara wa utumwa walipokaribia. Walikuwa Wakristo, waliomba asubuhi na jioni. Hatari ikija, waliipiga kengele.

Kwa hiyo njia ya mahakama ipo wazi, ukitaka kuifuata. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, yakiwemo ya kazi uliyofanya na pesa mtu alizopokea kwa niaba yako. Huhitaji wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Mkataba wa mdomo nao ni mkataba, ingawa kuuthibitisha ni kazi zaidi: ujumbe mliotumiana, risiti ya kitambaa yenye jina lako, karani wa shule kama atakubali kusema. Jambo ambalo huenda hukuambiwa ni kwamba dai la mkataba lina miaka sita. Deni lako la 2023 halitaoza wiki hii, wala mwezi huu. Huna haja ya kuchagua kati ya kumdai mama aliye hospitalini na kupoteza haki yako milele. Unaweza kungoja kijana atoke.

Kungoja nako kuna gharama yake. Karani anaweza kuhama, simu ikapotea, na mwenye duka la kitambaa hatangoja nawe. Kushtaki kutakutenga na kwaya, na hata ukishinda, hukumu haijazi mkoba kama hana mali ya kulipia. Ipo pia njia ya katikati: kurudi kwa wazee na mumeo na ombi moja tu, waandike makubaliano, kiasi kile, kila mwezi shilingi ngapi, sahihi za wote wawili na mashahidi. Wakikataa safari hii, utakuwa umejua jambo kuhusu wazee wako. Na sasa nakumbuka, mumeo hukumtaja tena baada ya mistari ya kwanza. Yeye anasemaje? Anajua habari za ujumbe wa Sidi? Mzigo huu naona unaubeba peke yako na kuna mtu amelala ubavuni mwako.

Kuhusu kusimama Jumapili. Mchungaji wako pengine anataka kuwatia moyo walioonewa, na wapo wengi kwenye viti vile, sitaki nimhukumu kwa barua moja. Lakini Mithali inasema usifurahi adui yako aangukapo, na adui mwenyewe hapa hakuanguka, aliyeanguka ni mtoto. Ukishuhudia, kipaza sauti kitakisema kile ambacho tumbo lako lilikikataa. Kisha leso ile itafika hospitalini, maana habari Kisauni hazihitaji nauli. Ukikataa, utaitwa mtu asiyemshukuru Mungu, na kina mama ambao wameshatoa pesa za leso watakukasirikia kweli. Wengine wakipata wazo la kusimama na kusema kinyume mbele ya watu wote, naogopa nalo, linaweza kuwa kisasi kingine kilichovaa nguo nyeupe. Kumwona mchungaji mapema, ofisini, na kumweleza habari ya chooni kama ulivyonieleza mimi, kunaweza kumfundisha kitu. Kunaweza pia kusimfundishe. Ugonjwa wa kusingizia siku hiyo usiusingizie, utakuandama.

Kuna jambo langu mwenyewe nitakuambia kwa ufupi. Nilidhulumiwa na mtu wa damu yangu, mambo ya shamba la baba. Nilingoja miaka tisa nimwone akishuka. Akafa, nikaenda mazikoni, nikasimama na kumtazama akiteremshwa. Nilikuwa nimedhani nitarudi nyumbani nimeshiba. Nilirudi na njaa ile ile, na shamba bado halikuwa langu, na sasa hapakuwa na mtu wa kumdai wala wa kumsamehe. Ndiyo maana nakuambia Sidi yuko hai, na wewe uko hai, na hilo peke yake ni nafasi ambayo mimi sikuipata.

Mchango wa harambee ni wako kuupima. Mia mbili ya mtu anayedaiwa kitambaa si sawa na mia mbili ya mwingine. Kama utatoa ili watu waone umesamehe, au ili Sidi aone aibu, afadhali ubaki nazo ununue mafuta ya taa. Kama utatoa kwa sababu ya kijana, toa, na deni lako libaki pale pale lilipo. Paulo alisema adui yako akiwa na njaa mlishe. Hakusema mfutie deni kabla ya kumlisha.

Namalizia na huyo kijana, maana katika barua yote yeye ndiye asiyedai chochote kwa mtu. Ukienda, nenda saa za kuona wagonjwa, peke yako, si na kikundi. Sidi akiwepo, msizungumze pesa mbele ya kijana. Huenda ukashindwa kuutazama mguu, na wengi hushindwa siku ya kwanza. Mkalie upande wa kichwa basi. Hujaniandikia anapenda kula nini, lakini wewe unajua, maana uji wake wa kwanza ulitoka kwako.

Niandikie baada ya mwisho wa mwezi, hata kama mambo hayakwenda sawa.